Bonde la Mahekalu katika Mji wa Roma

Katika mji wa Roma, mji mkuu wa nchi ya Italia, kati ya kilima kiitwacho Capitolium na kilima kiitwacho Palatium, liko bonde dogo ambalo mtu huweza kulivuka kwa miguu kwa muda wa dakika chache. Hakuna mtu akaaye ndani yake. Zimo nguzo zilizosimama tatu tatu bila paa, ngazi zisizofika po pote, matao makubwa ya mawe, na vipande vya marumaru vilivyolala majanini kama mifupa ya mnyama mkubwa. Warumi wa kale waliliita bonde hili Forum, yaani uwanja wa mji. Kwa muda wa zaidi ya miaka elfu moja hapa ndipo palipokuwa soko lao, mahakama yao, hazina yao, na mahali pa kuabudia miungu yao. Aliyetaka kusikia habari alikuja hapa, na aliyetaka kuwa mtu mkubwa alikuja hapa kuonekana.

Hapo mwanzo palikuwa kinamasi. Maji ya mvua yalishuka kutoka vilimani, na mto Tiber ulipofurika uliingia mpaka humo. Watu wa kwanza walijenga juu vilimani, na pembeni mwa bonde walizika wafu wao. Mwaka 1902 mtaalamu wa Kiitaliano aliyeitwa Giacomo Boni aliyafukua makaburi hayo, akakuta vyombo vya udongo vyenye majivu ya wafu, na vingine vilikuwa vimefinyangwa kwa mfano wa vibanda. Hivyo ndivyo ijulikanavyo kwamba mji uliokuja kutawala nchi zote kutoka Uingereza mpaka Misri ulianza na vibanda vya miti na udongo vilivyoezekwa nyasi.

Katika karne ya 6 kabla ya Kristo, siku za wafalme, Warumi walichimba mfereji wa kuyatoa maji, wakajaza udongo, wakapata uwanja mkavu. Mfereji huo, ambao baadaye ulifunikwa kwa mawe, waliuita Cloaca Maxima, maana yake Mfereji Mkuu wa Maji Machafu, na mdomo wake ungali ukionekana kando ya mto. Mkulima aliyewahi kukausha bonde ili apate shamba atatambua kwamba kazi hii, ambayo watalii wengi hawaijali, ndiyo iliyozaa mahekalu yote yaliyofuata.

Jiwe lenye maandishi ya zamani kuliko yote katika uwanja huo limefichwa chini ya sakafu ya mawe meusi. Boni aliligundua mwaka 1899. Lilichongwa katika karne ile ile ya 6, limetaja mfalme, na linamlaani mtu atakayepachafua mahali pale. Mistari yake haianzi upande mmoja kama mistari ya gazeti. Mmoja huenda juu na mwingine hurudi chini, kama ng'ombe wa plau wageukavyo mwisho wa shamba. Warumi wa siku za Julius Caesar hawakuweza tena kuyasoma vizuri maandishi hayo ya babu zao, lakini waliendelea kupaheshimu mahali penyewe.

Mtu akisikia neno hekalu hudhani ni nyumba ya sala tu. Kwa Warumi haikuwa hivyo. Ibada ilifanyika nje, mbele ya ngazi, na ndani ya jengo iliwekwa sanamu ya mungu pamoja na vitu vingi ambavyo watu waliona vitakuwa salama chini ya macho yake. Hekalu la Castor na Pollux, ambalo limebakiwa na nguzo tatu tu, lilitunza vipimo vya haki. Mawe ya mizani yamepatikana yakiwa na maandishi ya kuonyesha kwamba yalihakikishwa kwa Castor, ili mnunuzi wa nafaka asidhulumiwe. Chini ya hekalu hilo hilo vilikuwamo vyumba vidogo vya biashara, na katika mfereji wa kimojawapo wachimbaji waliokota meno mengi ya watu, yaliyooza. Wamefikiri kwamba hapo alikuwapo fundi wa kung'oa meno. Mbele yake iko sakafu ya Basilica Julia, jumba kubwa la mahakama, na juu ya ngazi zake za marumaru imechorwa michezo ya kuchezea kete, kama vile watu wa kwetu wachimbavyo mashimo ya bao chini ya mti. Yaelekea wachezaji walikuwa watu waliokuwa wakingoja kesi, au wasiokuwa na kazi.

Hekalu la Saturn liko chini ya kilima cha Capitolium. Saturn alihesabiwa kuwa mungu wa kupanda mbegu, na sikukuu yake ilianza tarehe 17 Desemba, ambapo mabwana waliwaandalia watumwa wao chakula. Hekalu hilo lilianza kujengwa zamani sana. Warumi wenyewe walisema liliwekwa wakfu mwaka 497 kabla ya Kristo. Nguzo nane zionekanazo leo ni za matengenezo ya mwisho, na mawe yake magumu ya itale yalitoka Misri. Juu yake yameandikwa maneno ya kwamba Baraza la Wazee na Watu wa Roma walilijenga upya baada ya kuteketea kwa moto. Hakuna jina la mtu mmoja. Katika bonde hili ambamo kila mkubwa alipenda kuandika jina lake, jambo hilo ni la kutazamwa.

Ndani ya hekalu hili iliwekwa hazina ya serikali. Mwaka 49 kabla ya Kristo Julius Caesar aliingia Roma na majeshi yake, akaitaka fedha hiyo kwa vita vyake. Mtu mmoja, Lucius Metellus, aliyekuwa miongoni mwa watetezi wa raia, alisimama mlangoni akamkataza, akisema kwamba sheria hairuhusu. Caesar alimtishia kumwua, akawaita mafundi wa kuvunja makufuli, akachukua fedha. Huyo Metellus hakuchongewa sanamu.

Nyuma kidogo, karibu na tao kubwa la Septimius Severus, kuna rundo la mawe na saruji ya kale ambalo wageni hulipita bila kulitazama. Ndilo lililobaki la hekalu la Concordia, maana yake Mapatano. Habari yake yastahili kusimuliwa kwa urefu, maana yahusu ardhi.

Roma ilipokuwa ikishinda vita ilitwaa mashamba ya walioshindwa, na mashamba hayo yakawa mali ya umma. Kulikuwa na sheria ya zamani kwamba mtu asishike zaidi ya kipimo fulani, ambacho ni kama eka 300 za leo. Lakini matajiri walijipatia maelfu, wakawaweka watumwa kuyalima, hali wakulima wadogo, waliokuwa wameviacha vijiji vyao kwenda kupigana, walirudi wakakuta hawana kitu. Mwaka 133 kabla ya Kristo mtetezi wa raia aliyeitwa Tiberius Gracchus alipitisha sheria ya kuirudisha amri ile na kuwagawia maskini ardhi iliyozidi. Mwaka ule ule wazee wa Baraza na wafuasi wao walimpiga kwa marungu na miguu ya viti mpaka akafa, na maiti yake wakaitupa mtoni.

Miaka kumi baadaye ndugu yake mdogo, Gaius, alishika kazi ile ile. Alipitisha sheria ya kuwauzia raia nafaka kwa bei nafuu, akatengeneza barabara, akaazimia kuwapa watu mashamba mapya. Mwaka 121 konsuli Lucius Opimius, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wa serikali, alitangaza kwamba atakayeleta kichwa cha Gaius atalipwa dhahabu ya uzito ule ule. Gaius alikufa akikimbia ng'ambo ya mto. Inasimuliwa kwamba aliyekileta kichwa alikuwa ametoa ubongo akamimina risasi ndani yake, ili kizidi mizani. Mwandishi Plutarch, aliyeishi zaidi ya miaka mia baadaye, ameandika kwamba wafuasi wa Gaius waliouawa walifika 3,000, na wajane wao walikatazwa kuwalilia.

Mambo hayo yalipokwisha, Opimius alijenga upya hekalu la Mapatano. Plutarch asema kwamba usiku mmoja mtu asiyejulikana alikwenda akaandika chini ya maandishi ya Opimius, akisema kwamba hekalu hilo la mapatano limejengwa na kichaa cha ugomvi. Kaisari Tiberius alilijenga tena baadaye kwa marumaru za rangi nyingi na kulijaza sanamu nzuri; hakuna iliyobaki hapo.

Kutoka hapo mtu akitembea kwa Njia Takatifu kuelekea mashariki hufika penye hekalu la Vesta, ambalo lilikuwa la mviringo, kama kibanda. Halikuwa na sanamu ndani. Lilikuwa na moto. Moto huo ulikuwa jiko la taifa zima, nao haukuruhusiwa kuzimika. Waliutunza wasichana sita, waliochukuliwa kwa wazazi wao wakiwa na umri wa kati ya miaka 6 na 10. Walitumika miaka 30: kumi ya kujifunza, kumi ya kufanya kazi, na kumi ya kuwafundisha wengine. Baadaye waliweza kuolewa, lakini wengi hawakutaka. Walipewa heshima kubwa, na wakubwa wa mji waliweka wasia zao kwao. Lakini msichana aliyeuacha moto uzimike alipigwa viboko, na aliyevunja ubikira wake alizikwa angali hai. Mtu aweza kustaajabu jinsi Warumi walivyopenda kuzisifu heshima hizo na kuzungumza machache juu ya mtoto wa miaka sita atolewaye kwao asiulizwe neno.

Katika ua wa nyumba yao zimo sanamu za wakuu wao. Chini ya mmojawapo, wa mwaka 364, yameandikwa maneno mengi ya kusifu adabu yake na maarifa yake ya dini, lakini jina lake limekwanguliwa, imesalia herufi ya kwanza tu, C. Baadhi ya wataalamu hudhani kwamba aliingia katika dini ya Kikristo, na wenzake wakamfuta. Mwishoni mwa karne hiyo hiyo ibada ya Vesta ilipigwa marufuku, na moto ukazimwa.

Mbele ya nyumba ya Baraza la Wazee kulikuwa na jukwaa la wasemaji. Liliitwa Rostra, yaani midomo, kwa sababu lilipambwa kwa midomo ya shaba ya merikebu walizoteka Antium mwaka 338 kabla ya Kristo. Hapa raia walikusanyika kusikiliza na kujadiliwa mambo yao. Hapa pia, mwaka 43 kabla ya Kristo, vilitundikwa kichwa na mkono wa kuume wa Cicero, msemaji hodari kupita wote, kwa amri ya watu aliowasema vibaya. Mwaka mmoja kabla yake Caesar alikuwa ameuawa kwa visu, na watu walimchoma maiti yake upande wa pili wa uwanja kwa viti na mabenchi ya mahakama. Mahali hapo palijengwa hekalu lake mwaka 29, na tangu hapo mtu aliyekuwa mkuu wa serikali aliweza kuwa mungu akisha kufa. Rundo la saruji lililosalia limefunikwa na kipaa kidogo, na hadi leo kuna watu wanaoweka maua juu yake.

Kuanzia siku hizo uwanja ulianza kubadilika. Mwaka wa 14 baada ya Kristo Kaisari Tiberius aliuondoa uchaguzi wa wakuu mikononi mwa raia, akaupeleka kwa Baraza la Wazee. Raia hawakuwa na haja tena ya nafasi pana ya kukutania, na nafasi hiyo ikajazwa sanamu, nguzo na matao.

Tao la Titus, lililo upande wa mashariki, lilijengwa baada ya kufa kwake mwaka 81. Ndani yake zimechongwa picha za askari wanaobeba mali zilizotekwa katika Hekalu la Yerusalemu mwaka 70: taa ya matawi saba, meza, na tarumbeta za fedha. Msomaji wa Biblia atavitambua vitu hivyo mara moja. Tao hili lilikuwa karibu kuanguka, na miaka ya 1820 fundi Giuseppe Valadier alilitengeneza kwa uaminifu mkubwa: penye upungufu alitia mawe ya namna nyingine yasiyopambwa, ili kila atazamaye aone lipi la kale na lipi jipya.

Tao kubwa kuliko hilo, lenye urefu wa kama mita 21, ni la Septimius Severus, lililowekwa wakfu mwaka 203. Kaisari huyu alikuwa Mwafrika kwa kuzaliwa. Kwao kulikuwa Leptis Magna, mji wa pwani katika nchi iitwayo leo Libya, na alipotawala alijenga huko uwanja mwingine mzuri wenye hekalu na basilica. Alifia Uingereza, katika mji wa York, mwezi wa Februari mwaka 211, akiwaachia wanawe wawili, Caracalla na Geta, waitawale dola pamoja. Hawakutimiza mwaka. Caracalla alimwua nduguye mikononi mwa mama yao, akaamuru jina la Geta lifutwe kila mahali katika dola. Katika tao la baba yao mafundi waliing'oa mistari ya shaba iliyomtaja, wakatia maneno mengine ya kuwasifu baba na Caracalla. Lakini matundu ya misumari ya herufi za kwanza hawakuweza kuyaziba yasionekane. Wataalamu wameyafuata tundu kwa tundu, wakalisoma jina la Geta, na hivyo kati ya majina yote yaliyo pale ndilo linaloulizwa zaidi na wageni.

Ukumbusho wa mwisho kujengwa katika Forum ni nguzo moja iliyosimamishwa mwaka 608 kwa heshima ya Phocas, Kaisari aliyekaa Constantinople. Hata nguzo yenyewe haikuchongwa kwa ajili yake. Ilichukuliwa katika jengo la zamani zaidi. Phocas aliuawa mwaka 610. Baadaye udongo ulifunika maandishi yake, na kwa mamia ya miaka hakuna aliyejua nguzo ni ya nani, mpaka mwaka 1813 walipofukua chini yake.

Maana bonde lote lilikuwa likifukiwa. Mji ulipopungukiwa na watu, hakuna aliyesafisha mifereji. Mafuriko yalileta tope, majengo yaliporomoka, udongo ukapanda mita kwa mita. Watu wa Roma waliligeuza kuwa malisho na soko la ng'ombe, wakaliita Campo Vaccino, yaani Uwanja wa Ng'ombe. Karibu na nguzo tatu za Castor liliwekwa bakuli kubwa la jiwe kwa kunyweshea mifugo. Mwaka 1818 bakuli hilo lilipelekwa kilimani Quirinale, ambako leo ni chemchemi mbele ya ikulu ya Rais wa Italia.

Lakini ng'ombe hawakuharibu kama watu. Marumaru ikichomwa hugeuka chokaa, sawasawa kama matumbawe yachomwavyo katika pwani ya Afrika ya Mashariki kwa kujengea nyumba. Basi sanamu za miungu na za makaisari zilivunjwa zikatiwa motoni, na matanuu ya chokaa yamepatikana ndani ya Forum yenyewe. Mwaka 1540 Papa Paulo wa Tatu aliwapa wajenzi wa kanisa jipya la Mtakatifu Petro ruhusa ya kuchukua mawe katika magofu, na katika miaka michache iliyofuata viliangamia vitu vilivyokuwa vimestahimili miaka elfu. Ufukuaji wa kitaalamu ulianza mwaka 1803, Carlo Fea alipoanza kulifungua tao la Severus, na haujamalizika hata leo.

Majengo machache yaliyosalimika karibu yote ni yale yaliyopata kazi nyingine. Nyumba ya Baraza la Wazee iligeuzwa kanisa mnamo mwaka 630, ndiyo maana kuta zake zimesimama. Milango yake ya shaba ilihamishiwa kanisa la Lateran katika karne ya 17, nayo ipo huko. Hekalu ambalo Kaisari Antoninus Pius alilianza mwaka 141 kwa kumbukumbu ya mkewe Faustina, na ambalo jina lake mwenyewe liliongezwa juu ya la mkewe baada ya yeye kufa, lina kanisa la San Lorenzo ndani yake. Nguzo zake kumi, kila moja jiwe moja lenye urefu wa mita 17, zina mikwaruzo mirefu juu, na husemwa kwamba ni alama za kamba za watu waliojaribu kuziangusha wakashindwa.

Mlango wa kanisa hilo ulitengenezwa siku ambazo udongo wa Uwanja wa Ng'ombe ulikuwa umefika juu, na mtu aliweza kuingia moja kwa moja kutoka malishoni. Udongo ulipoondolewa, mlango ulibaki hapo hapo. Leo uko juu sana ukutani nyuma ya nguzo, umefungwa, na chini yake hakuna ngazi wala kizingiti cha kukanyaga. Wageni huuelekezea kidole wakicheka, na waendao kanisani huingia kwa upande wa nyuma.